Ndugu Wakigombana, Chukua Jembe?



Sisi watu wa Pwani tuna methali isemayo: Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wengi tunaielewa kuwa usijitie katika ugomvi wa ndugu, kwani wao watapatana na wewe utabaki na lawama. Na ni kweli, wapatanishi wangapi wamegeuziwa kibao!

Tatizo ni pale tunapoifanya fatwa. Naanza na nafsi yangu. Mtaani kwetu mzee mmoja alifariki, akaacha mjane, wana wawili, binti mmoja na nyumba. Mkubwa alishika funguo, mdogo akataka iuzwe. Salamu zikakatika. Mama yao akanijia baada ya Magharibi: "Ustadhi mwanangu, wewe ndiye unayesomesha mirathi, nisaidie." Nikamjibu kwa methali hiyo, tena kwa tabasamu. Akashukuru, akaenda zake.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Deni halikuwepo, wala wasia, na wazazi wa marehemu walikwishatangulia. Kwa aya ya 11 na 12 za Suratun Nisaa, nyumba ile ni mafungu 40: mjane 5, kila mwana 14, binti 7. (Binti huyo hakuna aliyemtaja katika ugomvi wote.) Ningeimaliza kabla ya Isha.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 10, Allah (S.W.) ametuamrisha kupatanisha ndugu, hakutuambia twende shamba. Naye Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Hata methali yenyewe, ukiitazama vizuri, imetungwa na mkulima: toka jembe hadi kapu ni msimu mmoja. Naona wazee walikadiria kuwa ndugu hawawezi kununiana zaidi ya hapo. Hawa wetu walipitisha miaka miwili.

Mwezi wa Shaaban yule mkubwa akafariki, hawajasemezana. Makaburini mdogo alimnyang'anya jembe mchimbaji, akachimba peke yake, hataki kupokewa. Sikuweza kumtazama usoni.

Sasa mama yule ana fungu kwa mumewe na fungu kwa mwanawe, na nyumba bado haijagawiwa. Nimemwomba radhi, naye kanikaribisha Jumamosi baada ya Alasiri. Nakwenda na karatasi na kalamu, na nimemwambia binti naye awepo.