Mmeila Barabara

Wewe uliyeng'oa bikoni usiku ukaipanda upya mita mbili mbele, neno hili linaanza na wewe. Usigeuze ukurasa. Fundi alilipwa, tofali zikapangwa, lipu ikapigwa, na leo ukuta wako umesimama kana kwamba ulikuwapo tangu enzi za Mjerumani. Jirani alinyamaza kwa sababu naye ana mita zake mbili upande wa pili. Mwenyekiti wa mtaa alinyamaza kwa sababu mnazozijua wewe na yeye. Barabara yenyewe haikulalamika, maana barabara haina mtoto wa kudai urithi wala wakili wa kuisemea. Ukadhani yamekwisha.

Hayajaisha! Torati inasimulia jinsi Walawi walivyoagizwa kupaza sauti na kutamka laana mbele ya Israeli yote, na watu wote waitikie amina. Na miongoni mwa waliolaaniwa siku ile yumo anayesogeza mpaka wa jirani yake. Mtume Muhammad naye alionya kwamba mwenye kudhulumu ardhi, hata shibiri moja, atavishwa ardhi hiyo shingoni Siku ya Kiyama mpaka tabaka la saba. Katika jiji hili la Dar es Salaam Wakristo na Waislamu tunatofautiana kwa mengi. Hapa hatuna la kubishania. Na kama mpaka wa jirani mmoja una laana, barabara ya majirani elfu ina nini?

Najua wapo watakaosema mipango miji ni mambo ya ofisini, mhubiri abaki na dini yake. Someni vitabu vyenu vizuri. Torati inamwamuru mwenye nyumba mpya aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo: hilo ni sharti la ujenzi. Kitabu cha Hesabu kinawapa Walawi miji, kisha kinapima nje ya miji hiyo dhiraa 2000 kila upande ziwe malisho. Hilo ni eneo la wazi, lenye kipimo na lenye kazi yake, na hakuna Mlawi aliyeruhusiwa kulikata vipande auze. Na watu walipogombania njia, Mtume aliamua upana wake uwe dhiraa saba, yaani mita tatu na kidogo.

Mita tatu na kidogo, ndugu zangu, jangwani, kwa watu wa ngamia! Sasa twendeni Tandale, twendeni Manzese, mnionyeshe uchochoro wenye dhiraa saba. Kuna mahali jeneza hutolewa limeinamishwa ubavu, wanaume wanne wakipita mmoja mmoja, kwa sababu gari halifiki na mlango wa jirani umetokeza njiani. Nyumba ikiwaka moto huko, gari la zimamoto huishia barabara kubwa, na watu hupambana kwa ndoo na mchanga. Mama mwenye uchungu hubebwa mpaka lami. Hayo si mapenzi ya Mungu. Ni hesabu ya mita mbili zako, na mbili za jirani, na mbili za yule wa kona.

Msiniambie pia kwamba jiji halikuwa na mpango. Lilichorewa mpango mkuu mwaka 1949, likachorewa mwingine 1968, likachorewa wa tatu 1979. Wataalamu walitoka mbali, ramani zikapakwa rangi: hapa makazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa shule, hapa pasiguswe. Wakati ramani zimelala kabatini watu walikuwa wakizaliwa. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao wanalala kwenye makazi ambayo hayakupimwa kabla ya kujengwa. Serikali ina deni hapo, na nitasema bila kumung'unya maneno: aliyekosa kiwanja kilichopimwa kwa bei ya mshahara wake hakujenga bondeni kwa kiburi. Huyo simhubirii leo. Namhubiria aliyepata kiwanja kilichopimwa, akaona hakimtoshi.

Na ninawahubiria wazee wa mji. Enyi madiwani, enyi maofisa mipango miji, enyi wajumbe wa kamati, fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Tumezoea kuisoma habari ya Naboti kama kisa cha mfalme mwenye tamaa na mke mbaya. Isomeni tena kwa macho ya kikao. Ahabu alitaka nini? Alitaka shamba la mizabibu lililokuwa karibu na jumba lake aligeuze bustani ya mboga. Hilo ni ombi la kubadili matumizi ya ardhi! Tena alianza kistaarabu, akatoa fidia: shamba bora zaidi, au fedha taslimu. Naboti akakataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli alipoandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakubwa wa mji. Wazee wakaitisha mkutano. Mashahidi wawili wakapatikana. Utaratibu wote ukafuatwa, kikao kikafungwa, na Naboti akatolewa nje ya mji akapigwa mawe.

Wazee wale hawatajwi majina. Nimelitafakari hilo sana. Ahabu tunamjua, Yezebeli tunamjua, hata mbwa waliomla Yezebeli wametajwa. Wale waliokaa mezani, wakaisoma barua, wakaona muhuri, wakaelewa kinachotakiwa, wakanyoosha mikono: hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina. Wala hakuna aliyeinuka akauliza, "Kwani Naboti amefanya nini?"

Hivyo ndivyo mji unavyoliwa. Hauliwi kwa siku moja na adui mwenye silaha. Unaliwa kiwanja kwa kiwanja, kikao kwa kikao, kwa karatasi zenye mihuri. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kugeuza nyumba ya kuishi kuwa baa, au uwanja wa watoto kuwa kituo cha mafuta, kwa kujisikia tu. Lazima aombe. Lazima tangazo litoke ili majirani wapate kusema. Ombi linapita kwa wataalamu wa halmashauri, linaingia kwenye kamati ya madiwani, linapanda hadi wizara ya ardhi. Kuna milango mingi ya kulizuia! Lakini tangazo hubandikwa, jua likalichoma, mvua ikalilowesha, watu wakapita na simu mkononi, na siku zikiisha mtu wa ofisini huandika kwenye jalada maneno mawili: hakuna pingamizi.

Hakuna pingamizi! Watu waliopiga kelele usiku kucha kwa ajili ya mpira, waliokesha kwenye mkesha, waliochangia harusi mamilioni, hawakuwa na pingamizi. Baa ilipoanza kupiga muziki hadi alfajiri ndipo waliponijia wakitaka niikemee kwa maombi. Sikemei. Kulikuwa na siku za kuandika barua.

Tuseme na la magari, maana mmekuwa mkingoja nianze kuwalaumu wamachinga. Sitaanza na wao. Oktoba 2021 waliamriwa kuondoka kando ya barabara, vibanda vikabomolewa, na wengi tukashangilia kwamba sasa tutapita. Tulipita siku chache. Kisha njia ya waenda kwa miguu ikajaa magari ya wenye maduka na ya wateja wao, na hakuna aliyeleta tingatinga kuyasukuma. Mwenye meza ya nyanya ni mvamizi. Mwenye gari la milioni themanini juu ya njia hiyohiyo ni mteja. Mtoto wa darasa la pili, begi mgongoni, anashuka kwenye lami kulizunguka gari hilo, bodaboda inakuja. Mwamuzi wa haki anavitazama vyote viwili, meza na gari.

Na nyinyi wenye maghorofa ya Kariakoo! Mchoro mliopeleka kuombea kibali ulionyesha ghorofa ya chini ya ardhi kuwa ya kuegesha magari. Halmashauri ikaridhika, ikagonga muhuri. Jengo lilipokamilika, maegesho yakawa stoo za mabegi na vitambaa, kwa sababu gari hulipa kidogo na stoo hulipa kodi ya mwaka mzima mbele. Magari yaliyochorewa mahali chini yakapanda juu mtaani. Huo ni uongo uliochorwa kwa rula.

Wapo wanaotaka turekebishe hili kwa kulazimisha kila jengo liwe na maegesho tele. Taratibu. Marekani walijaribu. Kwa miaka mingi tume zao za mipango ziliagiza kila duka, kila kanisa, kila nyumba ya kupanga iwe na idadi fulani ya nafasi za magari, mpaka katikati ya miji mingi pakabaki lami tupu mahali palipokuwa na maduka na watu. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles aliandika kitabu kinene mwaka 2005 kuonyesha kwamba maegesho yanayoitwa ya bure hulipiwa na kila mtu, hata asiye na gari, ndani ya kodi ya nyumba na bei ya mkate. Mwaka 2017 jiji la Buffalo likalifuta sharti hilo. Tusikimbilie kuvaa vazi wanalolivua. Wengi wa jiji hili hupanda daladala na mwendokasi au hutembea kwa miguu. Hao wahesabiwe kwanza, na mwenye gari alipie mahali anapoliweka.

Nisiwasahau wa nyumbani kwangu. Nyumba za ibada, na zetu zimo! Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi tunafunga mitaa kwa magari, mgonjwa wa nyumba ya nyuma hawezi kutolewa, na mlinzi wa kanisa anamfokea anayelalamika kana kwamba amemtukana Roho Mtakatifu. Kuna kuta za ibada zilizosimama juu ya viwanja vilivyochorwa kuwa vya kuchezea watoto. Tulianza na turubai, tukaweka mabati, tukamwaga zege, tukaita baraka. Nabii Zekaria alipoonyeshwa Yerusalemu iliyorudishiwa neema, aliona wazee wenye fimbo wameketi njiani na wavulana na wasichana wakicheza mitaani. Aliona barabara zenye watoto! Sisi tumewafukuza watoto ili tupate mahali pa kuimba habari za Zekaria.

Mnazi Mmoja pawashuhudie. Waingereza waliacha eneo lile tupu kwa nia mbaya, ili Waafrika wa Kariakoo wakae mbali na watu wa mjini. Nia ile imekufa, uwanja umebaki, na leo ni mojawapo ya sehemu chache katikati ya jiji ambapo mtu asiye na senti anaweza kukaa chini ya mti. Mbaguzi aliacha mahali pa kupumua. Sisi tulio huru tunajaza yaliyoachwa wazi kwa ajili ya watoto wetu wenyewe.

Mnadhani natia chumvi? Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 ghorofa lingine likaanguka Kariakoo, na watu wakachimbuliwa kwa siku kadhaa. Damu juu ya nyumba: Torati ilishasema. Waulizeni wa Kimara na Kibamba walivyoamka mwaka 2017 na kukuta X nyekundu ukutani, isiyo na fidia, kwa sababu Barabara ya Morogoro ilikuwa ikidai hifadhi yake. Wengine walikuwa wameishi pale miaka mingi, wamevutiwa umeme, wamelipia maji. Kijiko kilibomoa nyumba ya aliyenunua. Aliyemuuzia na aliyemgongea muhuri hawakubomolewa kitu.

Basi tubuni, na toba iwe ya saruji na nyundo. Wewe wa mita mbili, mwite yule yule fundi, urudishe ukuta ulipokuwa kabla X haijaja. Hakuna sheria inayokukataza kubomoa dhambi yako mwenyewe. Nyinyi wa Kariakoo, toeni stoo chini, rudisheni magari. Nyinyi wajumbe wa kamati, jalada likija limeshikamana na bahasha, rudisheni vyote viwili, na kama wengine wamenyoosha mkono, mmoja wenu ainuke aulize Naboti amefanya nini, na aombe swali lake liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jina lake.

Na nyinyi mnaosema, "Mimi mpangaji tu, sina hati, nitasema nini?" Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, hawakuulizi hati mlangoni. Nendeni. Mwombeni ofisa mipango miji alete mchoro wa mtaa wenu, aukunjue mezani, aweke kidole kwenye kila eneo la wazi, kisha mtoke naye mkaangalie kama lipo. Mkiona tangazo la kubadili matumizi, lipigeni picha siku hiyohiyo. Andikeni pingamizi, saini ziwe nyingi, nakala mbili: moja waachieni, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Baraza la madiwani likikaa, kaeni viti vya nyuma mkasikilize diwani wenu anasema nini, au kama anasema. Ofisi hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na Jumatatu si mbali.