Elimu ya Mkono

Mara nyingi twamsikia mzazi akimwonya mwanawe: usiposoma, utaishia kufinyanga vyungu. Maneno hayo husemwa hata hapa Kaloleni, mjini Arusha, nayo yamebeba swali zito. Je, ujuzi wa mkono ni elimu, au ni adhabu ya yule aliyeikosa elimu?

Tuitazame kazi yenyewe. Mwanamke mfinyanzi wa Upare huujua udongo kwa vidole. Hukiinua chombo bila gurudumu, tena hungoja kikauke barabara, kwani chenye maji hupasuka motoni. Fundi wa batiki naye hupaka nta mahali asipotaka rangi iingie. Hivyo yampasa kuiona nguo iliyokamilika kabla hajaichovya mara ya kwanza. Kukumbuka, kupima na kuona mbele: ikiwa huko si kufikiri, basi kufikiri ni nini?

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza kusomea sanaa. Lakini mwaka 1974, akiwa bado mwanafunzi, alisafiri hadi Abuja, Nigeria, akajifunza kwa Ladi Kwali, mwanamke aliyeupata ufinyanzi utotoni, kijijini kwao. Msomi aliketi mbele ya mwanakijiji, naye hakupungukiwa kitu. Vyombo vilivyompa Odundo sifa duniani amevijenga kwa mkono, bila gurudumu, akavisugua hata vikang'aa. Moto wenye hewa huvipa wekundu, na moto ulionyimwa hewa huvipa weusi. Ladi Kwali alifariki mwaka 1984, na taifa lake likaiweka sura yake katika noti ya naira 20.

Hatusemi vitabu viachwe. Sisi tuliolishwa na kalamu maofisini twaijua thamani yake. Twasema tu kwamba kalamu na udongo ni ndugu, na anayemdharau mmoja humdhulumu mwingine. Mwalimu Nyerere alikwisha kutuonya mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, juu ya shule imtengayo mtoto na jamii yake.

Basi mtoto atakapotuambia kwamba ataka kufinyanga au kutia nguo rangi, tusimwulize ameshindwa somo gani. Tumwulize atafundishwa na nani, kisha tumpeleke upesi, maana fundi mzee akifa kabla ya kurithiwa, hakuna maktaba tutakayokwenda kumsoma.