JE, KUMUAMINI MWENYEZI MUNGU KWAHITAJI DALILI?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake, twasema:

Limetufikia katika darsa yetu suala moja, nasi tumeona yatupasa kulijibu kwa maandishi, ili faida yake iwafikie na wale wasiohudhuria.

SUALA: Mimi ni kijana Muislamu, mzaliwa wa Meru. Wenzangu chuoni waniambia: "Wewe wadai kwamba yuko Mungu, na mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Haya, ulete." Nilipowaendea wazee niliambiwa kwamba swali hilo ni kufuru, nisilirudie. Je, kumuamini Mwenyezi Mungu kwahitaji dalili? Na mtu asiyekuwa na dalili, imani yake ni sahihi?

JAWABU: Kwanza twawaambia wazee wetu, kwa heshima yote wanayostahiki, kwamba kuuliza si kufuru. Nabii Ibrahim (A.S.), aliye baba wa Mitume, alimwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyowafufua wafu. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kwamba anaamini, lakini ataka moyo wake utulie. Khabari hii imo katika Sura ya Al-Baqara, na hatusomi humo kwamba alikaripiwa. Vile vile baadhi ya masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamshitakia kwamba huwajia nafsini mwao mawazo ambayo wanaona vizito hata kuyatamka. Mtume hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba kule kuchukizwa nayo ndiko imani iliyo wazi. Ikiwa haya yalisikilizwa Madina, kwa nini yasisikilizwe Meru na Embu?

Wala jambo hili si dogo. Katika hesabu ya watu iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2019, watu zaidi ya 750,000 waliandikwa kwamba hawana dini. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa Nairobi, na kuandikishwa kwake kukaleta mabishano makubwa. Sisi Waislamu katika nchi hii ya mlimani tu wachache, na kijana wetu akifungiwa mlango wa darsa hakai nje akingoja. Huenda zake kimya kimya, na mzazi wake hajui mpaka siku anapomwita kwenda kusali asimwone.

Sasa na tuingie katika suala lenyewe.

MANENO YA WANAVYUONI

Wanavyuoni wa Kiislamu wamekhitalifiana katika jambo hili tangu zamani. Muutazila, na baadhi ya Maashaari, walisema kwamba wajibu wa kwanza wa mtu aliyebaleghe ni kutazama na kutafuta dalili; na mwenye kuamini kwa kufuata wazee tu, wengine walimhesabu kuwa ni mwenye dhambi ikiwa aliweza kutafuta naye akaacha. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa bingwa wa hoja, na pamoja na hayo aliandika kitabu cha kuwazuia watu wa kawaida wasitumbukizwe katika ilimu ya mabishano. Yeye mwenyewe alipopatwa na shaka alisimulia kwamba hakutolewa humo kwa kupanga hoja, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alisema kwamba wajibu wa kwanza ni kutamka shahada mbili, kwa kuwa kumjua Muumba kumo katika maumbile ya mtu, na maumbile hayo ndiyo yanayoitwa fitra.

Sisi tukitazama mwendo wa Mtume (S.A.W.) twaona mambo ni mepesi kuliko walivyoyafanya wenye mabishano. Alikuja Madina bedui mmoja, jina lake Dhimam bin Thaalaba, akamwuliza Mtume: ni nani aliyeumba mbingu? Ni nani aliyeumba ardhi? Ni nani aliyeisimamisha milima hii? Alipojibiwa kwamba ni Mwenyezi Mungu, alimwapia Mtume kwa huyo huyo aliyeyafanya hayo, amwambie kweli kama ndiye aliyemtuma. Mtume akasema ndiye. Bedui akaamini, akarejea kwa watu wake. Hakuambiwa akae kwanza asome mantiki.

Basi bibi mzee wa Igembe au wa Mbeere aliyesilimu uzeeni, asiyejua kusoma, akipambaukiwa akautazama mlima akasema moyoni mwake kwamba huu una mwenyewe, imani yake ni sahihi. Hapana ruhusa kwa mtu yeyote, hata akiwa na kilemba kikubwa namna gani, kuitia ila imani ya bibi huyo kwa sababu hajui kupanga hoja.

THELUJI YA MLIMA

Lakini kijana wetu si bibi huyo. Yeye ameulizwa, na shaka imeingia. Na shaka ikisha kuingia haitolewi kwa kukemewa. Kwake yeye dalili ni haja, kama dawa ilivyo haja kwa mgonjwa ijapokuwa mzima haihitaji. Na hapa twapenda kumkumbusha khabari iliyotokea katika nchi yake mwenyewe.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari wa Kijerumani, Ludwig Krapf, alikuwa Kitui, akauona kwa mbali mlima ambao Wameru wauita Kirimaara na majirani zao Kirinyaga. Mtu wa Uembu aitwaye Rumu wa Kikandi alimpa khabari zake: kwamba aliufikia mlima ule mara nyingi, lakini hakupanda juu sana kwa sababu ya kitu cheupe chenye baridi kali, walichokiita kirira. Khabari hizo zilipofika London, bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, alizikataa. Theluji itakaaje katika mstari wa ikweta? Alikuwa na vitabu vingi na ramani nyingi, na Afrika ya Mashariki hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima ule kwa macho yake, na mwaka 1893 John Gregory alifika penye barafu yenyewe. Muda wote huo, yapata miaka arobaini na zaidi, kukataa kwa bingwa yule hakukuyeyusha hata tone moja la theluji ile.

Twajifunza nini hapa? La kwanza, kutokuona si dalili ya kutokuwako. La pili, kumsadiki mpaji khabari aliye mkweli si ujinga. Aliyemsadiki mtu wa Uembu alikuwa katika haki kabla ya bingwa wa London. La tatu, yakini ina daraja zake, nazo zimetajwa katika Kurani: yakini ya kujua, yakini ya kuona, na yakini ya kulifikia jambo lenyewe. Aliyesikia kwa Rumu alikuwa na ya kwanza, Krapf alikuwa na ya pili, na aliyeikanyaga barafu kwa mguu wake alikuwa na ya tatu.

Ndiyo maana Mtume (S.A.W.), alipopanda kilima cha Safa kuwalingania Makureshi mara ya kwanza, aliwauliza kama watamsadiki akiwaambia kwamba nyuma ya mlima kuna jeshi linalowajia. Wakakiri kwamba hawajapata kumjua ila kwa ukweli. Na kabla ya utume walikuwa wakimwita Al-Amin. Khabari hupimwa kwa mletaji wake.

Lakini hatutaki kumdanganya kijana wetu. Mfano huu una mwisho wake. Theluji ni kitu, na kitu huonekana kikifikiwa. Mwenyezi Mungu si kitu miongoni mwa vitu, hata tuseme kwamba ipo siku mpandaji mlima atamkuta kileleni. Kwa hiyo yuabaki na haki ya kuuliza: dalili yake hasa ni ipi?

JEMBE LA KUAZIMA

Twakubali kwamba mwenye kudai alete ushahidi. Hiyo ni kanuni ya sharia yetu kabla ya kuwa kanuni ya wenzako chuoni. Lakini kila jambo lina ushahidi wa namna yake. Wazee wa Njuri Ncheke wakiamua kesi ya shamba huwauliza wanaopakana nalo. Daktari hupima damu. Mwenye duka hufungua daftari. Hapana mtu apimaye deni kwa mizani. Basi mwenye kutaka Mwenyezi Mungu aletwe mbele ya macho kama unavyoletwa mfuko wa kahawa, ataka kiumbe. Na hicho atakachoonyeshwa, kwa kuwa ni kiumbe, hakitakuwa Mungu.

Tazama mito ya nchi yako: Kathita, Mutonga, Thuci, Rupingazi. Yote yaelekea Tana. Mkulima hupata maji mtoni. Mto huyapata mlimani. Mlima huyapata mawinguni. Mawingu huyapata baharini. Na bahari hurejeshewa na mito. Hapana hata kimoja kati ya hivyo chenye maji ya kwake mwenyewe. Ni kama jembe la kuazima. Ukiniuliza nimelipata wapi nikakwambia kwa jirani, na jirani akasema kwa jirani yake, twaweza kwenda hivyo mpaka mwisho wa kijiji na kijiji kingine. Lakini ikiwa wote ni waazimaji wala hapana mwenyewe, jembe hili lisingalifika mkononi mwangu. Na kuwako kwetu ndivyo kulivyo. Hapana katika sisi aliyejipa uhai, wala aliyetupa sisi hakujipa.

Wenzako watasema: "Labda ulimwengu wenyewe ndio mwenye jembe." Hapa urejee kwa Nabii Ibrahim, kama ilivyoelezwa katika Sura ya Al-An'am. Alitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua. Na kila kimoja kilipotua, alikataa kukiita Mola, kwa kuwa mwenye kutoweka hafai kuwa tegemeo la vinavyotoweka. Na sisi tumeyaona hayo juu ya mlima wetu wenyewe. Barafu ile iliyobishaniwa London, leo yakwisha. Waliopima barafu ya Lewis, iliyo mashuhuri kuliko zote za mlima huo, tangu mwaka 1934, wameiona ikipungua hadi sehemu yake kubwa imekwenda. Kilichokuwa dalili katika macho ya babu zetu, wajukuu wetu huenda wasikione. Lau imani yetu ingalikuwa juu ya theluji, ingaliyeyuka nayo. Lakini dalili haikuwa katika weupe wa theluji. Dalili ni kwamba theluji ilikuja na yaondoka, na mlima wenyewe ulikuja na utaondoka, na kila chenye kuja na kuondoka chamshuhudia asiyekuja wala haondoki.

Je, hoja hii yamlazimisha kila mtu? La. Mwenye inadi aweza kuiacha na kwenda zake. Dalili hufungua mlango, haimsukumi mtu ndani. Lau ingalimsukuma, imani isingalikuwa na thawabu.

DALILI ZA UONGO

Juu ya hayo twawaonya ndugu zetu. Siku hizi watu hupelekeana kwa simu picha za tikiti maji lililoandikwa jina la Mwenyezi Mungu, au wingu, au jani, wakisema ndiyo hoja ya kuwashinda makafiri. Hizi si hoja, ni aibu. Picha moja ikijulikana kuwa ni ya kubuniwa, kijana aliyeamini kwa ajili yake huikataa na dini pamoja nayo. Mwenye Kurani mkononi hana haja ya tikiti maji.

KUJUA SI MWISHO

Jambo jingine, nalo ndilo kubwa. Wameru na Waembu hawakungoja mgeni awafundishe kwamba yuko Mungu. Jina Murungu walilonalo Wameru ni ndugu wa jina Mungu tulilonalo katika Kiswahili. Kadhalika Makureshi: Kurani yatuambia kwamba wakiulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, hujibu kwamba ni Mwenyezi Mungu. Ugomvi wa Mtume nao haukuwa juu ya kuwako kwake. Ulikuwa juu ya kumshirikisha, na juu ya kula mali ya yatima, kupunja vipimo na kumdhulumu mnyonge.

Basi Muislamu anayetaka kumthibitishia jirani yake kwamba Mungu yuko, na huku apunja mizani yake ya mahindi, au amevaa hirizi ya kumlinda asiyemtegemea Mola wake, au amedhulumu urithi wa dada yake, huyo ameibomoa dalili yake kabla hajafungua kinywa. Mwenzako chuoni hatasoma Ghazali. Atakusoma wewe.

KHATIMA

Muhtasari wa jawabu letu ni huu. Imani ya mwenye fitra iliyo salama ni sahihi bila ya hoja. Mwenye shaka yampasa atafute, na dalili zipo. Na kuwafundisha wenye shaka ni fardhi ya kutoshelezana juu ya umma; wakiiacha wote, hupata dhambi wote. Huko Nchiru, penye jengo la Njuri Ncheke, pana chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013. Na Embu na Chuka vivyo hivyo vina vyuo vyao. Vijana wetu wamo humo. Twawaomba maimamu wa misikiti yetu wawawekee darsa moja kwa wiki, ambayo kijana aweza kuuliza alitakalo asikemewe. Na asiyejua jawabu aseme "sijui", kisha aende akatafute. Imamu Malik aliulizwa masuala mengi akajibu mengi yake kwa kusema hajui, wala heshima yake haikupungua.

Na wewe kijana uliyeuliza, usiache sala kwa kungoja jawabu la mwisho. Mwenye kiu hunywa huku akiuliza mto umetoka wapi.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na uwatulize vijana wetu nyoyo zao. Wallahu aalam, na kwake Yeye ndiko kwenye taufiki.