Anjera ya Ugenini

Anjera ya ugenini, ule mkate mwembamba wa Kisomali, ina haki ya kuitwa ya nyumbani. Aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Hagadera, Kenya, akiionja katika mkahawa wa Kisomali huko Minneapolis, huenda akasema siyo yenyewe: unga ni mwingine, na chai haina maziwa ya ngamia. Ni kweli, ulimi wake haumdanganyi. Lakini kambi hiyo ilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Somalia, na kwa miaka mingi jiko lake limetegemea mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Akina mama waliuchachusha unga huo wa msaada usiku kucha, wakapata anjera ambayo watoto wao wanaitamani leo wakiwa Marekani. Mpishi wa Minneapolis anafanya kazi ileile kwa unga wa dukani. Sioni kwa nini yake ihesabiwe bandia.