Jembe Baada ya Kitanzi

Aghalabu watu hudhani furaha ni jambo kubwa: harusi, cheo, mali, safari ya mbali. Ikishapotea huitafuta kwa ukubwa ule ule, na wasipoiona hukata tamaa. Lakini lipo swali zito kuliko hilo: je, aliyefikwa na msiba ana haki ya kufurahi tena, au kicheko chake ni usaliti kwa waliokufa?

Mji wa Songea, mkoani Ruvuma, unalijua swali hilo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni walioshiriki Vita vya Majimaji. Vijiji vilichomwa moto, vyakula vikateketezwa, na njaa ikaua watu wengi kupita risasi. Msiba wa namna hiyo haufutwi kwa ngoma ya usiku mmoja.

Hata hivyo maisha yalirudi, wala hayakurudi kwa tangazo. Mvua za Novemba zilipoanguka, hapana budi palikuwapo mtu wa kwanza kushika jembe. Hakulishika kwa furaha. Alilishika kwa kuwa wakati wake umefika. Akafukia mbegu, akakoka moto, akamjulia hali jirani.

Siri imo humo. Moyo hauamrishiki, mkono huamrishika. Hakuna awezaye kuuambia moyo wake ufurahi nao ukatii, ila kila mtu aweza kuuambia mkono ufagie ua, uchote maji, umtandikie mgeni mkeka. Na moyo huufuata mkono polepole. Aristotle wa Uyunani alinena mfano wa hayo juu ya wema: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu.

Wahenga nao walionya kwamba mazoea yana taabu, na ni kweli. Yapo mazoea yanayopumbaza, mtu akanywa chai miaka ishirini asiionje. Hayo ni usingizi. Mazoea yanayorudisha furaha ni yale atendayo mtu akiwa macho, akiijua harufu ya udongo uliolowa na sauti ya anayemwitikia salamu.

Na waliokufa je? Kila Februari Songea hukumbuka mashujaa wake, na ngoma ya lizombe ingali ikichezwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika kwenye Makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha. Ilikuwa imepita miaka 117. Lau watu wangaliingoja siku hiyo ndipo wacheke, vizazi kwa vizazi vingalizikwa na huzuni, na pasingalibaki mtu wa kuusikiliza msamaha wenyewe.

Kufurahi, basi, si kusahau; kumbukumbu yahitaji walio hai wa kuibeba. Aliyefiwa asihimizwe kufurahi. Aulizwe tu kama shamba lake limepaliliwa, na apatiwe mtu wa kupalilia naye.