Usingoje Wiki ya Mitihani

Muhula ukianza, madesa hujaa begini yakisubiri. Mitihani ikikaribia, bweni zima hukesha: chupa ya chai kando, simu kwenye chaji, macho mekundu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba mengi tunayojifunza huanza kutoweka ndani ya saa chache, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa hushinda kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja. Wahenga walishasema: bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo usikae kungojea hamu ya kusoma. Mara nyingi huja ukishaanza. Jioni hii funga daftari la kipindi cha leo, chukua karatasi tupu, andika yote unayoyakumbuka. Kisha lifungue uone ulipopungukiwa. Dakika 20 zinatosha. Rudia keshokutwa, halafu wiki ijayo. Wenzako wakikesha usiku wa kuamkia mtihani, wewe pitia mara moja tu, uzime taa, ulale.