Aliikataa V8, Akaikubali HiAce

Dereva huyu nimemuunda kutokana na madereva wengi, lakini mkazi wa komini ya Makiso, huku Kongo, atamtambua. Ana permi ya kategoria B, na miaka yote ameendesha Corolla kati ya soko kuu na uwanja wa ndege wa Bangboka bila kugusa hata toleka moja, baiskeli ya abiria.

Siku moja mfanyabiashara wa mtaani kwao alimwomba ampeleke bibi harusi kanisani kwa Land Cruiser V8 nyeusi, inayong'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Akakataa. "Yaya, hii mutuka ni ya bakubwa. Permi yangu haifiki huku."

Malipo mazuri yakaenda kwa mwingine, bure kabisa. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kongo imejiunga nao, unapima B kwa mambo mawili: gari lisizidi kilo 3,500 pamoja na mzigo wote linaoruhusiwa kubeba, na viti visizidi 8 ukiacha cha dereva. Bei haiulizwi, wala ngozi ya viti, wala ukubwa wa injini. V8 ile, kwa takriban kilo 3,350, inapita kwa shida lakini inapita. Hummer H2 ndiyo inayokwama, maana inakaribia kilo 3,900. Hiyo inataka permi ya C, kama lori. Tajiri mwenye shaka na asome kibati kwenye fremu ya mlango. (Kama mkono umezoea gari dogo, pua ndefu ile na breki za tani tatu zinataka mazoezi, lakini hilo ni somo la mwalimu wa udereva, si la kadi ya permi.)

Baadaye familia ya mfanyabiashara huyo ikapata msiba. Wakamwita dereva yuleyule apeleke waombolezaji makaburini kwa HiAce ya viti 14, chakavu, mlango umefungwa kwa waya. Hakusita. Nani angeuliza permi kwa mkebe ule? Lakini viti 14 ni kategoria D, ya kubeba abiria wengi, na ubovu wa gari haupunguzi hata kiti kimoja.

Karibu na daraja la Tshopo breki zikachelewa. HiAce ikagonga pikipiki iliyoegeshwa, na mama mmoja aliyekaa mbele akavunjika mkono. Polisi wa rulaji, wa barabarani, akatazama kadi, akachungulia ndani, akaanza kuhesabu viti. Mtu wa bima alipofika, naye aliomba kadi ileile kabla hata hajaitazama pikipiki.

Mfanyabiashara alikuwa amesimama pembeni. "Ya arusi uliikataa kwa kukosa permi," akamwambia. "Hii uliikubali kwa permi gani?"

Dereva hakuwa na jibu. Bili ya hospitali iliamuliwa kwenye kikao cha familia, na sehemu kubwa ikamwangukia yeye.